Siku Nilipomchagua Kijeba

Ifakara nzima inaijua habari hii, kwa hiyo sioni faida ya kuificha, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakiisimulia vibaya sokoni, wakitia chumvi mahali ambapo haihitaji chumvi, maana ilivyo tu inatosha kumfanya mtu mzima atafute shimo ajifukie. Niliaibika. Niliaibika mchana kweupe, kipaza sauti mkononi, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani na mbele ya mke wangu aliyekuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya kuja kunipigia vigelegele, na hadi leo nikipita mtaa wa Viwanja Sitini kuna vijana wa bodaboda wananiuliza, "Mwalimu, vipi, mkwe hajambo?" Nina hasira na vijana hao. Nina hasira na Kocha Gidioni wa Malinyi, ambaye nitamfikia. Nina hasira na mimi mwenyewe pia, lakini hiyo nimeiweka mwisho, msinikimbize.

Mimi ni Mwalimu Severini, Mpogoro wa upande wa Mahenge, nimefundisha michezo kwenye shule za bonde hili mpaka nikastaafu. Ujanani nikiwa jeshini nilicheza mpira wa magongo (gongo la kupigia mpira, jamani, si gongo ya kunywa, maana kwetu ukilitaja neno hilo kuna watu wanaanza kumeza mate), na ndiyo maana kituo kimoja cha michezo cha Morogoro kilipotaka kutafuta watoto wa kuwafundisha mchezo huo, kikaambiwa kwamba Kilombero nzima mtu wa kumwona ni mimi. Kituo kilikuwa na nafasi moja kwa bonde letu. Mtoto mmoja, wa kike au wa kiume, asiyezidi miaka kumi na minne, angechukuliwa akalale bwenini, asomeshwe bure mpaka kidato cha nne na afundishwe magongo na watu wanaoyajua. Nafasi moja tu. Nataka mlishike hilo, kwa sababu watu wakianza kucheka wanasahau kwamba kulikuwa na mtoto aliyekuwa akiingoja.

Sasa mimi katika kuchagua nina utaratibu wangu, na nilikuwa nikiutangaza kwa majivuno kila nilipopata mtu wa kunisikiliza. Nilikuwa nasema kwamba mjinga anamtazama mtoto anavyocheza leo, lakini mwenye jicho anatazama atakavyocheza akiwa na miaka ishirini. Kwa hiyo nashika kifundo cha mkono nione mfupa, natazama unyayo, halafu naomba kumwona mzazi, hasa mama, kwa sababu nikimwona mama najua mtoto ataishia urefu gani. Watu walikuwa wakiniogopa kwa hilo. Wamama walikuwa wakija uwanjani wamevaa viatu vya visigino ili waonekane warefu, na mimi nawaambia wavue.

Watoto waliojitokeza walikuwa wamefanya mazoezi tangu mvua zilipoisha, wengi wao kwa magongo ya kuchonga kutoka kwenye matawi ya mpera, na baada ya mchujo kila mahali, wakabaki wawili wa kushindania nafasi. Wa kwanza ni Restituta, binti wa mkulima wa mpunga wa Mang'ula, mwembamba, mweusi tii, ana kasi, na ana tabia ya kukunyang'anya mpira halafu anakuangalia usoni kana kwamba anakuuliza umeuweka wapi. Wa pili ni Fideli, kutoka Malinyi, aliyeletwa na huyo Kocha Gidioni. Fideli alikuwa mfupi kidogo lakini ameshiba mwili, mapaja kama michi, kidevu laini bila hata unywele mmoja. Gidioni akasema ana miaka kumi na minne. Karatasi zake zilisema hivyo hivyo, lakini karatasi siku hizi kila mtu anazo.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mnataka kuniuliza mimi, niliyesimamia michezo ya shule miaka yote hiyo, ambaye kila mwaka nilikuwa nawafukuza vijeba, yaani yale majitu mazima yanayonyolewa ndevu alfajiri na kuchezeshwa na watoto, niliwezaje kutomtambua kijeba aliyesimama mbele yangu. Jibu ni kwamba nilimpenda. Mtu ukishampenda mchezaji, kila anachofanya unakipa jina zuri, na hicho ndicho kilichoniua.

Siku ya mwisho tulikuwa kwenye uwanja wa shule hapa mjini, chini ya turubai, mimi na yule madamu aliyetumwa na kituo kutoka Morogoro, mama mmoja mpole mwenye miwani, asiyejua mila za huku wala watu wake. Kando ya uwanja, upande wetu, alikuwepo Mama Tasiana na karai lake la samaki wa kukaanga. Mama Tasiana ni Mngoni aliyeolewa Malinyi, mumewe akafariki, akahamia Ifakara kufanya biashara, na kwa kuwa yeye ni Mngoni na mimi Mpogoro, sisi ni watani, na si watani wa kutaniana kwa adabu. Kaka yangu alipofariki, mama huyu aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akakunja mikono, akasema kaburi limeshapata mpangaji, na hakutoka mpaka tulipompa chochote. Pasaka alikuja kwangu akaondoka na jogoo huku mke wangu anamtazama. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, utaanzia wapi kumwamini?

Mchezo ukaanza, Restituta timu moja na Fideli nyingine, timu zimejazwa na watoto waliochujwa. Nikaona kwamba Fideli anacheza upande wa mbali tu, ule wa kule kwenye migomba, na mpira ukija upande wetu anauacha au anauchapa kutoka mbali bila kusogea. Nikamwambia madamu, "Unaona? Anajua kutumia upana wa uwanja. Hilo hafundishwi mtu." Kipindi cha mapumziko watoto wote walikimbilia kwa Mama Tasiana, maana kituo kilikuwa kimelipia wale samaki na ugali, lakini Fideli alijifunika fulana usoni, akazunguka nyuma ya vyoo, akaenda kukaa peke yake kwa mbali, ameupa uwanja mgongo. Nikamwambia madamu, "Hana tamaa ya chakula. Huyo ana nidhamu ya mchezaji wa taifa." (Niliyasema hayo kwa sauti, nikiwa nimevimba kifua, na madamu akatikisa kichwa kama mtu anayepokea elimu.)

Wakati huohuo Restituta alikuwa amempokonya Fideli mpira mara kadhaa, na mara moja alimpita akaenda kufunga akiwa amebaki na kiatu kimoja. Madamu akaniuliza, "Na huyu binti je?" Nilikuwa nimeshamwona mama yake asubuhi, kimama kifupi, ananifika kwapani. Nikamjibu, "Huyu amefika mwisho. Hakui tena." Nililisema hivyo hivyo, kwa kifupi, kama daktari, na baba yake alikuwa amekaa nyuma ya turubai letu na alisikia kila neno.

Basi, ili nikamilishe utaratibu wangu, nikamwita Gidioni nikamwambia nataka kumwona mzazi wa Fideli. Gidioni akaanza kujiumauma, mara wazazi wako shambani, mara wako kambi ya samaki mtoni, mara njia ni mbovu. Mama Tasiana alikuwa anapita na sahani ya samaki wa meza yetu, akasimama.

"Mnamtafuta mzazi wa huyo kijana?"

"Ndiyo, mtani. Unamjua?"

"Mimi hapa. Ni mkwe wangu. Amemuoa Tasiana, wana mtoto, hata meno hajaota. Mkimpeleka Morogoro miaka yote hiyo, nani atamlea binti yangu?"

Nilicheka mpaka miwani yangu ikanidondoka. Nikamwambia madamu huyu ni mtani wangu, asimsikilize, hawa ndiyo kazi yao, popote wanapoona shughuli ya watani wao lazima waiharibu mpaka wapewe kitu. Nikatoa noti mfukoni nikamwekea kwenye sahani. Hakuichukua. Aliitazama, akanitazama, akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda zake. Gidioni naye alicheka, tena alicheka kuliko mimi, na jasho lilikuwa linamtoka, na mimi nikadhani ni jua.

Hapo ndipo pangeishia, na ningekuwa nimeaibika kidogo tu, kimyakimya, huko Morogoro watakapogundua wenyewe. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka kushinda, na mtani wangu alikuwa amelilalia kaburi la kaka yangu, amenichukulia jogoo, sasa anataka kunichafulia siku yangu kubwa. Nikasema leo namlipa.

Ukafika wakati wa kumtangaza mshindi. Madamu alikuwa amekuja na gongo jipya, la kiwandani, limefungwa kitambaa kwenye mpini, la kumkabidhi mtoto atakayechaguliwa. Nikashika kipaza sauti. Nikasifu weee, nikaeleza jicho langu, nikaeleza mifupa, nikaeleza upana wa uwanja, halafu nikamtaja Fideli wa Malinyi, watu wakapiga makofi na mke wangu akapiga vigelegele. Kisha nikasema, "Kwa kuwa kijana wetu hana mzazi hapa, na kwa kuwa mtani wangu Mama Tasiana anadai kwamba yeye ndiye mama mkwe, basi namwomba mama mkwe aje amkabidhi mkwewe gongo." Uwanja ulicheka wote. Nilifurahi sana, nawaambia ukweli, nilijiona nimemkomesha.

Mama Tasiana akanijia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usifanye hivi."

"Umeogopa, mtani?"

"Nakuomba. Si kwa watu wote hawa."

Nikampa gongo mkononi, nikamgeuza kwa mabega, nikamsukuma taratibu kuelekea katikati. Watu wakazidi kucheka. Fideli alikuwa amesimamishwa pale na wenzake waliokuwa wanamshika huku na huku wakimpongeza, hana pa kukimbilia. Alipomwona huyo mama anakuja, alirudi nyuma hatua chache, akachuchumaa, akainamisha uso mpaka ukagusa magoti, akageuza mgongo. Mama Tasiana naye akasimama mbali, akajifunika kanga kichwani na usoni, akaliweka gongo chini kwenye majani kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume bila kumtazama. Akasema kitu kidogo, nadhani alimwamkia. Fideli akaitikia akiwa palepale chini, kwa sauti nzito, sauti ya mwanamume mwenye nyumba yake.

Kicheko kilikatika. Hapa hakuna mtu asiyejua maana ya kitu kile, hata watoto wanajua, kwamba mwanamume hapokei kitu mkononi mwa mama mkwe, wala hamtazami usoni, wala hapiti pale alipokaa, na hakuna mvulana wa miaka kumi na minne duniani anayeweza kuigiza heshima ya namna ile mbele ya mama muuza samaki asiyemhusu. Ghafla nikaielewa ile migomba. Nikaelewa na vile vyoo. Kila kitu nilichokuwa nimekisifia tangu asubuhi kilikuwa ni mtu mzima anayemkwepa mama mkwe wake.

Madamu ndiye pekee ambaye hakuelewa. Akaninong'oneza, "Mbona hapokei? Anaumwa?" Na mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikamnong'oneza, "Madamu, yule ni mama mkwe wake kweli, kijana ana mke na mtoto," nikasahau kwamba kipaza sauti bado nimekishika karibu na mdomo. Spika zikaurusha mnong'ono wangu mpaka barabarani. Huo uwanja ulivyolipuka sijawahi kuusikia hata siku ya fainali. Watu walianguka chini. Kuna mzee mmoja alikohoa mpaka wakampa maji. Mke wangu alikunja kiti chake akaondoka bila kuniaga.

Nikamgeukia Gidioni. Nikamuuliza kwa nini ameniuza hivi, kwa nini ameleta baba wa mtu kwenye mashindano ya watoto. Mnajua alinijibu nini? Alinijibu mbele ya madamu, bila hata kupepesa, "Mimi nilileta tu, Mwalimu. Aliyechagua ni wewe. Si ulisema una jicho?" Ningekuwa na umri wa Fideli ningempiga. Mpaka leo Gidioni ni kocha, anasalimiwa, anakunywa chai, hakuna anayemuuliza lolote, na mimi ndiye kichekesho, na hilo ndilo linalonitia kichaa, kwamba mwizi ametulia na aliyeibiwa akili ndiye anayezomewa.

Fideli alilichukua lile gongo mama mkwe alipokwisha ondoka, akaja akaliweka mezani kwetu kwa adabu, akasema, "Naomba mnisamehe, nilitaka kusoma," akaondoka kupitia kwenye migomba. Kwake hasira yangu ni ndogo. Ya kwake nimeimaliza.

Nikamfuata Mama Tasiana, na nikiwa na ujinga wangu nikaanza kumlaumu yeye, eti mtani gani huyu, ungeniambia vizuri ningekuelewa, mimi nilijua ni utani. Alikuwa anafuta karai. Akaniambia, "Mwalimu, uliniona nacheka?" Hakuwa amecheka. Hata mara moja.

Lakini hayo yote ni aibu ya kawaida, aibu ya kichekesho, ningeibeba. Lililonikaa kooni ni lililofuata. Madamu alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikamkimbilia nikamwambia sawa, tumekosea, lakini mtoto yupo, yule Restituta, ndiye alistahili tangu mwanzo, ana kasi, ana akili ya mchezo, mchukue huyo, umri wake ni wa kweli, wazazi wake hawa hapa. Na safari hii nilikuwa nasema kweli tupu, wala sijawahi kuwa na hakika na mtoto kama nilivyokuwa na hakika na yule.

Madamu akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mwalimu, mchana uliniambia amefika mwisho, hakui tena. Sasa jioni hii amekua?"

Nikamwambia nilikosea.

"Na umri wake nani ataniapia? Wewe?"

Hakunitukana wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliuma. Nikaona baba yake Restituta amesimama hapo karibu, kofia mkononi, akinitazama kama mtu anayesubiri daladala iliyokwisha pita. Nikajaribu kumweleza madamu kuhusu kliniki alikozaliwa mtoto, kuhusu mwalimu wake mkuu, nikaongea sana, nikaongea vibaya, nikashika mkono wa mtoto nikauinua eti aone mfupa, mpaka mtoto mwenyewe akauvuta. Madamu akasema kituo hakiwezi kubahatisha mara mbili mahali pamoja. Gari likaondoka na gongo likiwa kwenye kiti cha nyuma. Nafasi ya bonde letu, nilisikia baadaye, wakampa mtoto wa wilaya nyingine.

Sasa ile hasira niliyowaambia nimeiweka mwisho ni hii. Gidioni ni mwongo, sawa, lakini uongo wake ulihitaji mtu wa kuupamba, na mpambaji nilikuwa mimi. Mtoto alinionyesha mchezo wake mbele ya macho yangu, kutwa nzima, na mimi nikawa natazama kimo cha mama yake. Mama wa watu aliniambia ukweli kwa Kiswahili chepesi nikamtupia noti. Nimekasirika kwa sababu nilipokuwa naongopa bila kujua niliaminiwa kila neno, na niliposema kweli hakuna aliyenisikia, na gharama yake hailipi Gidioni, silipi mimi, analipa binti wa Mang'ula.

Nilikaa ndani siku kadhaa, kisha nikapanda basi kwenda Mang'ula kuwaomba radhi. Baba yake hakutoka nje. Mama yake, kile kimama kifupi nilichokidharau, alinipokea vizuri, akanipa kiti na maji, akaniambia binti yuko shambani anafukuza ndege kwenye mpunga, nikitaka nimfuate huko. Nikamfuata. Alikuwa amesimama juu ya jukwaa la miti katikati ya mpunga uliokwisha kuwa njano, anatupa madongo ya tope, na ndege wanaruka upande mmoja na kutua upande mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Akatupa dongo jingine.

"Mwakani wakija tena wale wa Morogoro, wewe ndiye utachagua?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia sichagui tena, si magongo, si mpira wa miguu, si hata mtoto wa kupiga kengele ya shule, nimeapa, na yeyote atakayekuja kwangu akinisifia jicho nitamfungia mlango.

"Afadhali," akasema, na akageuka upande ule walikotua ndege.